Setingi za Photoshop zikipotea, angalia kwanza unaifungaje

Wadau wa picha, kama kila ukiwasha Photoshop unakuta paneli zimerudi kama siku ya kwanza na zile action zako (hatua ulizorekodi ili programu izirudie yenyewe) hazipo, usikimbilie kuifuta na kuinstoli upya. Ile programu huwa inaandika setingi pale unapoifunga vizuri, sasa umeme ukikatika au kompyuta ikaganda ukaizima kwa swichi, vyote ulivyobadilisha tangu uiwashe asubuhi imekula kwako. Mimi studio luku kuisha katikati ya kazi ulikuwa mchezo wa kila wiki, nikawa nawaza virusi kumbe wala.

Kwa hiyo ukishapanga mambo yako funga programu halafu ifungue tena, hapo imeshashika. Action zihifadhi pembeni kabisa, kwenye menyu ya paneli ya Actions kuna Save Actions, ila chagua seti nzima maana ukichagua action moja tu inagoma, utapata faili la .atn weka kwenye flashi.

Kama unaifunga vizuri na bado inasahau basi kuna uwezekano faili la setingi limeharibika. Kwenye Windows kopi kwanza folda ya Settings iliyoko ndani ya AppData, Roaming, Adobe (imefichwa, washa Hidden items uione), kisha washa Photoshop huku umeshikilia Ctrl, Alt na Shift, itakuuliza kama ulifute, kubali. Hiyo kopi usiiruke, ukishafuta hakuna Ctrl Z hapo.