Pansear wa kwetu Uganda katika Pokémon GO: kumpata, kumtunza kwa ajili ya wageni, na moto upi wa kupigania

Katika Pokémon GO, mchezo wa simu wa kudaka viumbe kwa kutembea mitaani, kuna tumbili watatu ambao mchezo umewagawa kwa mabara. Pansage wa majani hutokea Asia na Pasifiki, Panpour wa maji hutokea Amerika, na Pansear wa moto hutokea Ulaya, Mashariki ya Kati, India na Afrika. Maana yake mchezaji wa Kampala, Mbarara au Gulu anamwokota barabarani kiumbe ambaye mwenzake wa Tokyo au Chicago hawezi kumwona kwao. Thamani ya Pansear iko hapo. Vitani ni wa kawaida tu, na wachezaji wengi wapya humwagia vumbi la nyota (la kuimarishia viumbe) lote walilo nalo kisha wanashangaa akianguka mapema kwenye reidi, yaani pambano la wachezaji wengi dhidi ya kiumbe mmoja mkubwa.

Kumtafuta

Anza na alama ya hali ya hewa, juu upande wa kulia wa ramani. Jua, au anga safi usiku, huongeza viumbe vya moto, majani na ardhi. Kiumbe aliyetokea katika hali ya hewa inayomfaa anaweza kuwa wa levo hadi 35, wakati wa kawaida huishia 30, na kumdaka kunakupa vumbi 125 badala ya 100. Kwa hiyo miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari na Juni hadi Julai kwa upande wa Kampala, ndiyo ya kuwinda moto. Usiiamini mbingu yenyewe, amini alama. Mchezo hubadilisha hali ya hewa kwa saa, na si ajabu jua la Kampala likawaka huku ramani bado inanyesha.

Kisha fungua orodha ya viumbe vilivyo karibu, chini upande wa kulia. Usiyemdaka bado huonekana kama kivuli: masikio makubwa mawili na kishungi kama mwali wa moto kichwani. Mguse, utaonyeshwa kituo (PokéStop, mahali halisi palipowekwa alama kwenye ramani) alichopo. Mijini orodha hii inasaidia sana kwa sababu vituo vimebanana. Kijijini, penye kituo kimoja kanisani na kingine njia panda, huwa fupi mno, na uvumba, kifaa cha mchezo kinachokuvutia viumbe popote ulipo, ndio unaokuokoa. Uvumba hudumu dakika 60, lakini ukisimama tu unakuletea kiumbe mmoja kila dakika tano. Ukitembea, wanakuja kwa kasi zaidi.

Chambo cha kawaida cha kituoni hudumu dakika 30, muda wa kuagiza rolex (chapati ya mayai), kuila na kuagiza nyingine. Usinunue vyambo maalum kwa ajili ya moto. Cha barafu huita viumbe vya maji na barafu, cha kuvumwani (Mossy) huita majani, wadudu na sumu, cha sumaku huita umeme, chuma na mwamba. Cha moto hakipo.

Juu ya boda weka simu mfukoni. Ukiachilia wezi, mchezo wenyewe unatambua mwendo: ukienda kasi viumbe hupungua, vituo hukataa kuzungushwa, na kilomita za kuangulia mayai na za kiumbe rafiki unayetembea naye hazihesabiwi ukipita takriban kilomita 10 kwa saa. Foleni ya jioni ya Jinja Road ndiyo mahali pekee ambapo teksi inatembea polepole kiasi cha kuangua mayai.

Kumdaka

Mpira wa mzunguko ndio wa kuzoea kwanza, kwa sababu huzidisha nafasi ya kudaka kwa 1.7 na haukugharimu kitu. Bonyeza mpira, uzungushe kwa kidole mpaka utoe vimulimuli, kisha urushe kwa upande ili upinde kuelekea katikati. Wanaokosa mara kwa mara hurusha wakati kiumbe anashambulia, na mpira unarudishwa. Fanya hivi: shikilia mpira mpaka duara la rangi lipungue kufikia ukubwa unaoutaka, uachie bila kurusha, subiri aanze kushambulia, kisha zungusha na urushe shambulio likikaribia kuisha. Mpira utafika ametulia, na duara litakuwa pale pale ulipoliacha.

Matunda ni mawili ya kuchagua. Razz huzidisha nafasi kwa 1.5, hilo ni la kiumbe mwenye duara jekundu, yaani mgumu kudakwa. Pinap huzidisha peremende (za kumgeuza na kumpandisha kiumbe) mara mbili, kutoka 3 hadi 6. Kwa Pansear, mpe Pinap karibu kila mara, kwani ukipoteza mmoja mwingine atakuja. Kila kiumbe wa moto unayemdaka huingia pia kwenye medali ya Kindler, ambayo hupanda ukifikisha 10, 50, 200 na 2,500, na kila daraja linakurahisishia kuwadaka wote wa moto.

Peremende 50 na jiwe moja

Pansear hugeuka kuwa Simisear kwa peremende 50 pamoja na Unova Stone. Peremende si tatizo: kwa Pinap, tisa tu wanatosha. Jiwe ndilo kikwazo. Njia mojawapo ya kulipata ni kuwapiga viongozi wa Team GO Rocket, yaani Cliff, Sierra na Arlo. Wapige askari sita wa kawaida wa kundi hilo, kila mmoja anaacha kipande kimoja, vipande sita vinaunda Rocket Radar, na rada ndiyo inayokuonyesha kiongozi alipo. Ukimshinda, jiwe linaweza kuwemo kwenye zawadi, na linaweza lisiwemo.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Jiwe hilo hilo ndilo linalomgeuza Lampent kuwa Chandelure, pamoja na peremende 100. Shambulio la msingi la Chandelure ni 271, la Simisear ni 206. Madhara hufuata namba hiyo, kwa hiyo kwa pigo lile lile Chandelure anaumiza zaidi kwa karibu theluthi moja. Ukiwa na jiwe moja mkononi, Simisear asubiri. Mgeuze siku utakayokuwa na la ziada, ili kujaza Pokédex, orodha ya viumbe ulivyowahi kupata.

Kumbadilishana na wageni

Weka akiba ya Pansear watano au sita, usiwatume wote kwa profesa, yaani kuwaondoa kwenye mkusanyiko wako. Watalii wanaoshukia Entebbe au kwenda Jinja kuona chanzo cha Nile huwa nao wachezaji, na wa kutoka Amerika au Asia wengi hawana Pansear kabisa. Unachotaka wewe kwao ni Panpour au Pansage, ambaye hatatokea Uganda hata ukitembea mwaka mzima.

Kubadilishana kwa kawaida kunadai wachezaji wote wawili wawe levo ya 10 au zaidi, wawe marafiki ndani ya mchezo, na wawe ndani ya mita 100. Fungua orodha ya marafiki, gusa jina lake, gusa kitufe cha kubadilishana, kila mmoja achague wake, thibitisheni. Kiumbe ambaye mpokeaji hajawahi kuwa naye huhesabiwa kama badilishano maalum, na hilo ni moja tu kwa siku. Mgeni wa siku mbili atakupa mawili, hata akiwa na simu iliyojaa hazina.

Gharama ndiyo ya kupanga mapema. Kwa kiumbe mpya kwenye Pokédex, urafiki wa siku 7 unatoza vumbi 16,000, wa siku 30 unatoza 1,600, na wa siku 90 unatoza 800. Siku hizo hazihitaji mkae mji mmoja: mkitumiana zawadi na kuzifungua, siku inahesabiwa. Ukimjua mtu anayekuja likizo Desemba, muunganishe Septemba mwanzoni, na kila siku mmoja wenu afungue zawadi ya mwenzake. Watakaokutana uwanja wa ndege bila maandalizi wataishia kutazamana tu.

Mambo matatu ya kukumbuka kabla ya kuthibitisha. La kwanza, namba za ndani za kiumbe zinazopima ubora wake, zile za nyota, hutupwa upya anapohama, kwa hiyo kumtoa mzuri ni hasara isiyo na faida kwa yeyote. Toa dhaifu. La pili, aliyekwisha kubadilishwa habadilishwi tena. Huwezi kumchukua Panpour kwa mgeni ukampelekea ndugu yako Mbale. La tatu, peremende unazopewa hutegemea umbali kati ya mahali viumbe hao wawili walipodakwa: chini ya kilomita 10 ni moja, kilomita 10 hadi 100 ni mbili, zaidi ya hapo ni tatu. Pansear wa Kampala kwa Panpour wa Texas anawapa nyote wawili tatu.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa programu za kudanganya GPS, wakijifanya wako Tokyo. Adhabu inakwenda kwa awamu: onyo la siku 7, kisha kufungiwa siku 30, kisha akaunti inafutwa. Akaunti ya miaka kadhaa haistahili kupotea kwa ajili ya tumbili wa majani.

Moto wa kupigania

Moto huumiza zaidi wadudu, majani, barafu na chuma, kwa kuzidisha 1.6. Adui mwenye aina mbili zote dhaifu kwa moto, kama Scizor au Genesect wa mdudu na chuma, au Ferrothorn wa majani na chuma, huumia kwa 2.56. Zidisha tena kwa 1.2 kwa kuwa pigo na mpigaji wote ni wa moto, na kwa 1.2 nyingine jua likiwaka, na pigo lako linafika takriban mara 3.7. Reidi ya Genesect siku ya jua wachezaji wachache wanaweza kuimaliza, ilhali bila moto ingewashinda.

Wa kulea ni hawa. Chandelure akiwa na mapigo ya Fire Spin na Overheat ni miongoni mwa walio bora kati ya wasio wa hadithi, yaani viumbe adimu wa Legendary. Darmanitan, kutoka kwa Darumaka kwa peremende 50 tu na bila jiwe, ana shambulio la 263 lakini ulinzi wake ni 114, kwa hiyo anaua haraka na anakufa haraka. Charizard ana 223, lakini ulinzi wake ni bora, 173, na Charmander hupatikana na kila anayeanza mchezo, ukimchagua kati ya wale watatu wa mwanzo. Anahitaji peremende 25 kisha 100, na ukimfanya rafiki wa kutembea naye hutoa moja kila kilomita 3. Pigo lake la thamani ni Blast Burn, lililoletwa na Community Day (siku maalum ya mchezo) ya Mei 2018. Halipatikani kwa TM (kifaa cha kubadilisha pigo) ya kawaida, subiri siku litakaporudishwa au tumia Elite Charged TM. Kumfungulia pigo la pili ni nafuu, vumbi 10,000 na peremende 25.

Kabla ya kuanza kumpandisha yeyote, fanya hesabu. Kutoka levo 1 hadi 30 ni vumbi 75,000 na peremende 66. Kutoka 1 hadi 40 ni vumbi 270,000 na peremende 304. Levo kumi za mwisho zinakula zaidi ya mara mbili ya thelathini za kwanza, na faida yake ni ndogo. Chandelure watatu wa levo 30 wanakufaa kuliko mmoja wa 40 anayekufa akiwa peke yake. Ukimdaka akiwa levo 33 siku ya jua, sehemu kubwa ya gharama imeshalipwa na hali ya hewa.

Usimpeleke Charizard kwa adui mwenye mapigo ya mwamba. Yeye ni moto na anga kwa pamoja, na mwamba humuumiza kwa 2.56, pigo moja kubwa linatosha. Chandelure, aliye moto na mzimu, hafi kirahisi hivyo kwa mwamba, ila anaogopa pia mizimu na giza, pamoja na maji na ardhi. Mawingu machache huwapa watu wa mwamba nguvu ya ziada, mvua huwapa wa maji. Mvua haipunguzi moto wako. Inakunyima tu ile 1.2 ya jua. Katika mapambano ya ligi dhidi ya wachezaji wenzako hali ya hewa haihesabiwi kabisa, kwa hiyo huko usisubiri jua.

Kwenye jimu, mahali ambapo wachezaji huweka viumbe vya kulinda na wengine huwashambulia, moto una kazi ndogo, kwa sababu walinzi wengi ni Blissey, Chansey na Snorlax, ambao dawa yao ni wapiganaji wa ngumi. Ukimwacha kiumbe pale kulinda, unapata sarafu moja kila dakika 10, na ukomo ni 50 kwa siku, yaani saa nane na dakika ishirini. Akikaa siku tatu ndipo afukuzwe, bado utapata 50 tu, kwa sababu sarafu zinaingia siku anayorudi.