Unaenda Uingereza kwa kozi ya fasihi? Jiandae hivi

Kila mwaka ikifika Januari, wadogo zangu kutoka Kenya na Tanzania wanaosoma Marekani huanza kuniuliza kuhusu kozi za kiangazi za fasihi nchini Uingereza: wiki tatu au nne, mhadhiri mmoja au wawili, wanafunzi kumi na kitu, na orodha ya miji na vijiji walimoishi waandishi wa vitabu tulivyosomeshwa. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafundisha fasihi katika chuo kimoja cha Marekani, na huwa miongoni mwa walimu wanaofuatana na wanafunzi hao. Katika masomo yangu yote, hili ndilo nilipendalo zaidi. Ndiyo maana huniuma mwanafunzi akirudi na simu iliyojaa picha lakini daftari tupu.

Shughulika na viza kwanza, kabla hata ya kununua kitabu. Karatasi ya maelekezo utakayopewa na chuo huandikwa kwa kumfikiria mwenye pasipoti ya Marekani, ambaye tangu Januari 8, 2025 anahitaji tu ETA, kibali cha kielektroniki cha kusafiri kinachoombwa kwa programu ya simu. Wewe mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania unahitaji viza ya mgeni, ile ya kawaida, inayoruhusu pia masomo mafupi ya hadi miezi 6 katika taasisi zinazotambuliwa. Unaweza kuomba miezi 3 kabla ya safari. Omba siku zinapofunguka, maana wenzako hawatakukumbusha. Mwombe mhadhiri barua inayotaja kozi, tarehe, mahali pa kulala na nani analipa nini, uiambatanishe na taarifa zako za benki. Kisha angalia safari ya kurudi: viza yako ya F-1, ile ya mwanafunzi, iwe hai siku utakayotua Marekani, na fomu ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha masomo yako, iwe na saini ya safari kutoka ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kama kozi inapitia Dublin pia, Ireland ni nchi nyingine na ina viza yake. Ya Uingereza haitakuvusha.

Kuhusu pesa, uliza swali moja tu kwa maandishi: ada inalipia nini na hailipii nini? Usafiri wa ndani, viingilio vya makumbusho na chakula cha mchana ndivyo hukausha mfuko. Kadi ya reli ya vijana wa miaka 16 hadi 25 hukupunguzia theluthi ya nauli, na si lazima uwe raia ndipo uinunue. Ukumbi wa hazina za British Library, London, hauna kiingilio, na humo utaona kidawati cha kuandikia cha mwandishi wa riwaya Jane Austen. Nguo ni koti la mvua na viatu vya kutembelea vyenye soli ya kushika, hata kama ni Julai.

Sasa tuje kwenye kusoma, ambako kozi hufa au hupona. Wanafunzi wengi huenda wakitafuta nyumba yenyewe, mti wenyewe, dirisha lenyewe, wakidhani mwandishi alinakili alichokiona. Ukienda na fikra hiyo, kila mahali patakuvunja moyo. Nenda ukipima umbali kati ya mahali na ukurasa: nini kilikuwepo, mwandishi akachukua kipi, akaacha kipi, akaongeza kipi. Hilo ndilo somo lenyewe, na huwezi kulipata ukiwa maktaba.

Chukua Haworth, kijiji cha Yorkshire. Unapanda treni kutoka Leeds hadi Keighley, halafu basi. (Leeds ndiko Ngũgĩ wa Thiong'o alikosoma katika miaka ya 1960, akiwa anaandika A Grain of Wheat. Mkipita hapo waambie wenzako, wengi hawajui.) Akina Brontë, familia ya wale dada watatu waandishi wa riwaya, walihamia Haworth mwaka 1820, baba yao alipopewa parokia, na nyumba yao imekuwa makumbusho tangu 1928. Utaiona meza ya chumba cha kulia ambapo Charlotte, Emily na Anne waliandikia, na ambayo usiku walikuwa wakiizunguka kwa miguu huku wakisomeana kazi zao. Lakini kabla ya kuingia ndani simama mlangoni ugeuke. Mbele yako ni makaburi, mawe yamebanana hadi karibu na ukuta wa bustani. Mwaka 1850 mkaguzi wa serikali, Babbage, aliripoti kwamba wastani wa umri wa kufa kijijini ulikuwa takriban miaka 25, na maji machafu yalikuwa sehemu ya sababu. Emily alifariki mwaka 1848 akiwa na miaka 30, Anne akamfuata mwaka uliofuata, na baba yao akaishi kuona watoto wake wote sita wakitangulia kufa. Ukishaliona hilo hutauliza tena kwa nini riwaya zao zimejaa yatima na wagonjwa.

Kisha panda nyikani hadi Top Withens, takriban kilomita 6 kwa mguu kutoka kijijini. Njia ni ya majani makavu, mawe na kondoo, na kwenye vibao vya kuelekeza utakuta hata maandishi ya Kijapani, kwa jinsi wasomaji wa Japani wanavyopapenda. Juu kuna gofu la nyumba ya mkulima ambalo watu husema ndilo nyumba ya Wuthering Heights katika riwaya ya Emily ya 1847 yenye jina hilo. Ukutani kuna kibao cha jumuiya ya Brontë cha mwaka 1964, nacho kinasema wazi kwamba nyumba hii, hata ilipokuwa nzima, haikufanana na ile ya kitabuni. Huwa nawaona wanafunzi wakisoma kibao hicho na nyuso zikiwaanguka. Hapo ndipo nawaambia wafungue sura ya kwanza na kuisoma kwa sauti, upepo ukiwapiga. Emily anaieleza miti iliyodumaa, imeinamia upande mmoja kwa nguvu ya upepo, na madirisha membamba yaliyozama ukutani. Upepo unao hapo, ndio uleule. Michongo ya juu ya mlango anayoitaja kitabuni haipo, na inaaminika aliichukua kwenye jumba moja karibu na Halifax, lililobomolewa zamani, eneo ambako aliwahi kufundisha mwaka 1838. Kwa hiyo nyumba kaitoa Halifax, hali ya hewa kaitoa Haworth, akavichanganya. Andika hayo ukiwa palepale, kwa mkono, kabla hujapiga picha hata moja.

Zoezi hilohilo lifanye Grasmere, kijiji alikoishi mshairi William Wordsworth. Wengi wetu tulikaririshwa shairi la Wordsworth la maua ya dafodili tukiwa hatujawahi kuliona ua lenyewe. Ukienda Juni hutaliona vilevile, kwani huchanua Machi na Aprili. Usisikitike, shajara ya Dorothy, dada yake, itakufaa zaidi. Tarehe 15 Aprili 1802 Dorothy na William walikuwa pamoja kando ya ziwa Ullswater, na Dorothy akaandika jinsi maua mengine yalivyolaza vichwa juu ya mawe kama yaliyochoka, na mengine yakicheza kwa upepo. Shairi William alilitunga miaka miwili baadaye, na humo anatembea peke yake. Dada hayumo. Tena mishororo miwili inayosifiwa kuliko yote, ile ya jicho la ndani na raha ya upweke, William mwenyewe alisema ilitungwa na mkewe, Mary. Shairi la upweke limejengwa na watu watatu! Beba nakala ya shajara na shairi, vilaze kwa pamoja kwenye benchi nje ya Dove Cottage, nyumba yao ya Grasmere, upigie mstari kila neno lililohama kutoka kwa dada kwenda kwa kaka.

London nitaipita haraka kwa sababu mhadhiri wako ataijaza. Nenda Globe, lile jumba la Shakespeare lililojengwa upya na kufunguliwa 1997, ununue tiketi ya kusimama uani, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote. Mwavuli haufunguliwi wakati wa mchezo, mvua ikinyesha utalowa. Kama wanacheza Julius Caesar au The Merchant of Venice, soma kwanza tafsiri za Mwalimu Nyerere, utafuata mchezo bila kuhangaika na Kiingereza cha kale.

Siku ya mapumziko usiimalizie madukani. Panda treni St Pancras hadi Canterbury, safari ya takriban saa moja. Orodha nyingi za kozi zinautaja mji huu kwa mshairi wa kale Chaucer na mahujaji wa hadithi zake tu. Lakini Canterbury ndiko alikofika Abdulrazak Gurnah kutoka Zanzibar akiwa kijana, akasoma, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi kustaafu, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel. Soma By the Sea ukiwa kwenye treni, riwaya ya mzee wa Kizanzibari anayeomba hifadhi na kupewa makazi katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza. Na kama orodha ya kozi yako haina Gurnah, mwandikie mhadhiri mapema, kwa adabu, umwombe amwongeze. Mimi niliombwa hivyo na mwanafunzi, nikamwongeza, na sasa ndiye anayezua mjadala mrefu kuliko wote.

Insha ya mwisho iwe juu ya kitu kidogo. Mada kama "mandhari katika kazi za Wordsworth" itakumeza. Chagua benchi moja, mlango mmoja, kaburi moja, na ukurasa mmoja unaohusiana nacho, uonyeshe mwandishi alifanya nini kati ya hivyo viwili. Ianze ukiwa bado Uingereza, hata kama ni kurasa mbili mbovu, maana kuna jambo utagundua hukuliangalia vizuri, na bado utakuwa na nauli ya kurudi kuliangalia.