Kuchagua mabehewa ya mizigo kwa reli ndogo ya mfano ya kiwandani

Ukijenga reli ya mfano ya kiwanda juu ya ubao wa mita moja na nusu, kila behewa unaloliweka linakula sentimita kadhaa za njia. Lisipokuwa na kazi, linawazibia wenzake. Ndiyo maana naanza na karatasi na rula, duka linafuata baadaye. Vipimo vingi hapa ni vya OO, yaani 1:76 (kitu halisi kimepunguzwa mara 76), na HO, yaani 1:87. Zote mbili hutumia njia yenye nafasi ya milimita 16.5 kati ya reli zake mbili. Wenye mifano ya N, iliyo midogo zaidi, au O, iliyo mikubwa zaidi, wabadilishe namba tu.

Hatua ya 1: Andika kinachoingia na kinachotoka

Chora safu mbili. Tuseme ni kiwanda cha bia. Kinachoingia: kimea, makaa ya mawe ya kuchemshia na mapipa matupu yanayorudi. Kinachotoka: mapipa yaliyojaa, pamoja na machicha yanayokwenda kulishwa mifugo. Tayari mabehewa yameanza kujichagua yenyewe. Kimea na bia havitakiwi kulowa, hivyo vinahitaji behewa lililofunikwa. Makaa yanapanda behewa la wazi, na machicha vilevile.

Sasa liulize kila behewa swali la pili: mzigo wako unashushiwa wapi? Hapa ndipo mabehewa mengi mazuri huanguka. Behewa linalomwaga mzigo kwa chini linataka shimo katikati ya reli au daraja la kumwagia, na usipojenga kimojawapo litakuwa pambo. Behewa la wazi halina masharti hayo. Hushushwa kwa koleo, kwa winchi, au kwa kuinuliwa upande mmoja likamwaga kupitia mlango wa mwisho. Behewa la tangi linahitaji bomba na pampu tu, vitu unavyoweza kuvijenga kwa vipande vya waya jioni moja.

Tangi la mafuta yanayowaka lina jambo lake. Reli nyingi halisi ziliweka behewa moja au zaidi la mzigo usio hatari kati ya kichwa cha treni na matangi ya namna hiyo. Ukitaka kufuata desturi hiyo kwenye njia fupi, behewa la kutenganisha nalo litakula nafasi. Mimi kwenye ubao mdogo huchagua tangi la kitu kisichowaka, mambo yakaisha.

Hatua ya 2: Pima njia fupi kuliko zote

Njia ndefu haikuambii kitu. Pima ile fupi, kuanzia kizuizi cha mwisho hadi mahali ambapo behewa lililosimama haligusani na linalopita njia ya jirani. Kisha kata vipande vya kadibodi vyenye urefu wa mabehewa unayoyatamani, pamoja na viungio vyake vya kuyaunganisha, uvipange juu ya ubao.

Behewa la wazi la chuma la tani 16 lililoenea Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili lilikuwa na bodi ya urefu wa futi 16 na inchi 6. Katika 1:76 hiyo ni milimita 66, na ukiongeza bafa (vizuia-mshtuko vya mwishoni mwa behewa) na kiungio inakaribia 80. Matatu yanaingia kwenye sentimita 24. Behewa la Marekani lililofunikwa, la futi 40 lenye magurudumu manane, linafika milimita 140 katika 1:87 kabla hujahesabu viungio. Kwenye sentimita 24 zilezile linaingia moja, na nafasi iliyobaki haitoshi la pili. Behewa moja haliwezi kupangwa kwa mfuatano tofauti, matatu yanaweza.

Kona nazo zina kauli. Kanuni inayotumika sana ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote. Behewa la milimita 140 linataka angalau milimita 420. La milimita 80 linaridhika na 240, na ndiyo maana reli za viwandani zilipenda vyombo vifupi vya ekseli mbili.

Hatua ya 3: Amua idadi

Alan Wright wa Uingereza alibuni mpangilio uitwao Inglenook Sidings: njia tatu, moja ya mabehewa matano na mbili za matatu, na jumla ya mabehewa manane. Kazi ni kuunda treni ya matano kwa mfuatano uliotolewa kwa bahati nasibu. Kuna mifuatano 6,720 inayowezekana. Kwa hiyo anayeniambia mabehewa manane ni machache simwelewi. Ila hakikisha yanatofautishika kwa jicho, kwa umbo, rangi au namba kubwa. Mabehewa manane yanayofanana yanaua mchezo.

Hatua ya 4: Shughulikia shehena inayoonekana

Behewa la makaa huja limejaa na kuondoka tupu. Ukigandisha makaa ndani, litaondoka kiwandani limejaa, na mtazamaji makini ataliona hilo. Yaliyofunikwa na matangi hayana tatizo hili, basi yawe mengi kidogo kuliko ya wazi. Kwa yale ya wazi, kata sponji ngumu iingie bila kubana, bandika washa ya chuma juu yake, ifunike kwa makaa yaliyopondwa, kisha itoe kwa sumaku iliyofungwa kwenye kijiti.

Kuhusu zama, usijibane mno. Viwanda vingi vilinunua mabehewa yaliyostaafu kwenye reli kuu na kuyatumia ndani ya uzio tu. Moja au mawili ya kizee, yenye rangi iliyobabuka, yanakubalika kabisa.

Hatua ya 5: Kagua magurudumu, uzito na viungio

Chagua magurudumu ya chuma. Ya plastiki hukusanya uchafu haraka. Pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu: kwa OO na HO iwe takriban milimita 14.4 hadi 14.5.

Uzito ndio unaopuuzwa zaidi. Behewa jepesi linaruka reli likisukumwa, na kwenye reli ya kiwanda karibu nusu ya kazi ni kusukuma. Kwa mabehewa ya ekseli mbili lenga gramu 25 kwa kila ekseli. Muhimu zaidi ni yote yakaribiane, maana zito likilisukuma jepesi kwenye kona, jepesi ndilo linaloanguka. Weka uzito chini, chini ya sakafu ukiweza. Ukitumia madini ya risasi kuongeza uzito, usiyagandishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Risasi hiyo huliwa na kutu polepole, huvimba na kupasua bodi.

Viungio viwe vya aina moja kwa mabehewa yote, bila huruma. Ukichagua vya kufunguka kwa sumaku iliyofichwa chini ya njia, jihadhari na ekseli za chuma cha pua kinachovutwa na za chuma cha kawaida, kwani sumaku hulivuta behewa zima likasogea lenyewe. Ekseli za shaba huondoa kero hiyo.

Hatua ya 6: Lijaribu kabla ya kulipaka rangi ya vumbi na uchakavu

Sukuma kila behewa polepole kupita kila swichi (mahali njia inapogawanyika), likiwa mbele, katikati na mwisho, tupu na likiwa na shehena. Likiruka, kagua magurudumu kwanza, kisha uzito, kisha urefu wa viungio kutoka relini. Likiendelea kuruka baada ya hapo, ling'oe magurudumu na uliweke chini kando ya karakana liwe stoo. Viwanda halisi vilifanya hivyohivyo na mabehewa yao mabovu.