Namna ya Kuandika Filamu ya Kutisha Ambamo Muuaji ni Baba Mwenye Nyumba

Anayetaka kuandika filamu kuhusu mtu anayejichukulia sheria mkononi na kuua mmoja baada ya mwingine aanze na chakula cha jioni, si na maiti. Mtazamaji ampende baba kwanza, ndipo aanze kuiogopa mikono yake.

Chagua kosa ambalo watu wa Mtwara wenyewe hulichukia. Kangomba inafaa sana: mlanguzi humvizia mkulima mwenye shida, akazinunua korosho zake kwa bei ya kutupa nje ya mnada, na fedha zinapoanza kulipwa mkulima hana chake. Mlanguzi wa kwanza anapouawa, nusu ya ukumbi iwe imeridhika. Hatia ya wa pili iwe na shaka, na wa tatu awe hana kosa lolote isipokuwa kwamba anamdai baba, ili mtazamaji akumbuke kwa aibu jinsi alivyoridhika mwanzoni.

Kisa kionekane kwa macho ya binti wa miaka kumi. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na kuiacha na madoa meusi, kwa hiyo wakati wa kubangua mikono iliyochafuka haimshtui mtu. Mweke baba kwenye kigoda, uani kwa nyumba moja ya Mikindani, akibangua. Punje nzima anampa binti, zilizovunjika anakula yeye. Rudia tendo hilo mara tatu bila kubadilisha pembe ya kamera. Mara ya tatu iwe Aprili, miezi mingi kabla ya msimu mpya: mikono ni myeusi, lakini chini hakuna maganda. Baba amejipaka mafuta hayo kwa makusudi, ili mikwaruzo ya kucha za mtu ionekane kuwa ni michubuko ya kazi. Mhusika yeyote asilieleze jambo hilo.

Waandishi wengi huwaleta polisi mapema mno. Mimi ningemleta mjomba, kwa kuwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kaka wa mama ana kauli juu ya watoto wa dada yake.

“Shemeji, mbona siku hizi wabangua peke yako?”

“Watoto ngozi yao laini, shemeji.”

Inatosha, mjomba anyamaze, atazame ule mkono.

Baba anaweza kudai kwamba anasikia sauti, lakini filamu isiithibitishe wala kuikanusha. Jini likishatajwa kuwa ndilo lililoua, hofu yote imekwisha na kinachobaki ni vipodozi.

Kabla ya kupiga picha, omba kibali cha Bodi ya Filamu, kama inavyotakiwa na Sheria Na. 4 ya 1976. Mtoto anayeigiza awe na mzazi wake karibu, wala hana haja ya kuiona hata hiyo damu ya bandia.

Katika onyesho la mwisho baba anyooshe kiganja cheusi chenye punje moja nzima. Kata picha kabla binti hajaipokea.