Unataka kuandika injini ya chesi (programu inayocheza chesi)? Soma hapa kabla hujachagua lugha

Wengi wakiuliza wanaambiwa nenda C++ kwa sababu Stockfish imeandikwa kwa C++. Ni kweli, na Stockfish ndio baba lao, ila wewe kwanza unataka injini inayoisha na inayocheza.

Kama kuna lugha unaijua vizuri, anza na hiyo hiyo. Angalia hesabu: katikati ya mchezo mtu ana kama muvu 35 za kuchagua, kwa hiyo hata ukihamia lugha yenye kasi mara 35, kama injini inapitia kila kitu, umeongeza kuona muvu moja tu mbele. Moja! Ila ukiandika alfa-beta (njia ya kuruka matawi ambayo hayawezi kubadilisha uamuzi) na ukazipanga muvu kali ziangaliwe mwanzo, kompyuta ile ile, muda ule ule, inaweza kufika karibu kina mara mbili (kina ni idadi ya muvu inazoona mbele, za weupe na weusi zikihesabiwa pamoja).

Python ni nzuri kujifunzia, maktaba ya python-chess inakupa sheria zote tayari, wewe unabaki na kutafuta muvu na kupima nafasi. Itakuwa slo lakini, hilo lijue mapema. Ukitaka nguvu kweli ni C, C++ au Rust, na kwa anayeanza mimi napenda Rust maana kompaila yake inakukatalia makosa mengi ya memori kabla hujaranisha.

Cha kuangalia sana ni namba za biti 64, kwa sababu ubao una vyumba 64, kila chumba kinapata biti yake, na farasi weupe wote wanaingia kwenye namba moja tu. Rust, C++, Go na C# ziko poa hapo. Java inataka umakini: ukihesabu kuanzia a1, kete ikikaa h8 namba inageuka hasi, so ukisogeza biti kulia tumia >>> sio >>, vinginevyo utaona kete ambazo hazipo. JavaScript namba yake ya kawaida inaishia biti 53, itabidi ukate ubao vipande viwili.

Lugha yoyote utakayoshika, kabla ya kuandika akili ya injini hesabu njia zote kuanzia mwanzo wa mchezo: 20 kwa kina cha 1, 400 kwa kina cha 2, kisha 8,902, 197,281, halafu 4,865,609 kwa kina cha 5. Ikipishana hata moja una kosa, tafuta. Hapo hapo pima muda, kina cha 5 kikichukua dakika nzima na ulitaka injini ya mashindano, badili lugha sasa hivi kabla kazi haijawa kubwa. Na usiishie hapo, kasling (mfalme na ngome kusogea kwa muvu moja) haiwezekani kabisa ndani ya kina cha 5 toka mwanzo, kwa hiyo jaribu pia nafasi za katikati ya mchezo ambapo mfalme na ngome wako tayari.