Namna ya Kupima Ikiwa Mtindo wa Timu ya Hoki ya Barafu Unavutia Kutazama

Mtu anapouliza ikiwa timu fulani ya hoki ya barafu inavutia kutazama, mara nyingi hujibiwa kwa kutajiwa idadi ya mabao iliyofunga au nafasi yake katika msimamo wa ligi. Majibu hayo mawili hayatoshi. Timu inaweza kufunga mabao mengi kwa sababu wapinzani wake wanaadhibiwa kila mara na kucheza wakiwa pungufu, na timu nyingine inaweza kuongoza ligi kwa kuua mchezo tangu kipindi cha kwanza. Kipimo ninachokipendekeza mimi ni kutazama jinsi timu inavyothubutu inapokuwa na kisahani, yaani kile kidude bapa cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo, na jinsi inavyohangaika kukirudisha inapokipoteza. Mtindo unaovutia ni ule ambao wachezaji wake wanakubali hatari ya kunyang'anywa ili wapate nafasi bora zaidi ya kufunga, na wanaikubali kwa makusudi, si kwa uzembe. Jambo hilo linaonekana wazi uwanjani, mradi mtazamaji ajue macho yake ayaelekeze wapi.

Anza na eneo la kati. Uwanja wa NHL, ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, una urefu wa takriban mita 61 na upana wa mita 26, na mistari miwili ya buluu inaugawa katika maeneo matatu: la ulinzi, la kati na la mashambulizi. Mshambuliaji akiuvuka mstari wa buluu wa wapinzani kabla ya kisahani, ameotea. Kwa sababu ya sheria hiyo, timu inayotaka kumzuia mwenzake haihitaji kumfuata hadi golini kwake, kwani inatosha kumsubiri katikati, mahali ambapo njia ni nyembamba na kasi inaweza kuvunjwa. Mshambuliaji mmoja anamsogelea mwenye kisahani na kumsukumia upande mmoja wa uwanja, wenzake wanne wanaziba njia nyuma yake, na pasi inayofuata inaangukia mikononi mwao. Mashabiki wa soka husema timu imepaki basi. Katika hoki basi hilo hupakiwa katikati ya uwanja, na mbinu yenyewe huitwa mtego.

Timu iliyoupa mtego sifa yake, nzuri na mbaya, ni New Jersey Devils ya kocha Jacques Lemaire, ambayo mwaka 1995 ilitwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, kwa kuifunga Detroit Red Wings mechi nne kwa bila katika fainali, ingawa Detroit ndiyo iliyokuwa imeongoza ligi msimu huo. Nasisitiza kwamba Devils hawakuwa timu dhaifu iliyojificha. Walikuwa na beki wa aina ya Scott Stevens na kipa wa aina ya Martin Brodeur, na walijua kukigeuza kisahani kilichonaswa kuwa shambulizi la kushtukiza. Kilichouharibu mchezo ni kuigwa kwao na timu zisizo na vipaji hivyo, ambazo zilichukua nusu ya kwanza ya mbinu, yaani kuziba, na kuiacha nusu ya pili.

Ili kuutambua mtego, fanya hivi. Kila mara wapinzani wanapokuwa na kisahani nyuma ya goli lao, kiache kisahani na uwahesabu wachezaji wa timu unayoipima ambao wamevuka mstari mwekundu wa katikati kwenda kuwabana. Akiwa mmoja tu, tena akienda polepole, huku wanne wakisubiri nyuma, na hali hiyo ikijirudia wakati matokeo bado ni sare, basi unaitazama timu ya mtego. Wakiwa wawili au watatu, na wakifika kwa kasi, timu hiyo inakaba juu, na mchezo wake utakuwa na mapambano mengi hata kama mabao ni machache.

Hata hivyo, mtego hauui mchezo peke yake. Tarehe 9 Novemba 2011, Tampa Bay Lightning ya kocha Guy Boucher iliikaribisha Philadelphia Flyers kwa mpangilio wa 1-3-1, mchezaji mmoja mbele, watatu wamejipanga katikati na mmoja nyuma yao. Mabeki wa Flyers walikataa kuingia mtegoni; wakasimama na kisahani katika eneo lao, hakuna aliyewafuata, na hakuna aliyesogea mpaka mwamuzi alipopuliza filimbi. Hali hiyo ilijirudia katika mechi hiyohiyo, ambayo Lightning walishinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Wengi waliilaumu Tampa, lakini kwa maoni yangu lawama ni ya pande zote mbili, kwa kuwa mtego wa aina hiyo huvunjwa kwa pasi za haraka na kwa watu kubadilishana nafasi, mambo ambayo Flyers walikuwa na wachezaji wa kuyafanya. Kwa hiyo usiipime timu kwa mechi moja, wala kwa mpinzani mmoja.

Hatua ya pili, ambayo naiona kuwa na uzito kuliko zote, ni kutazama kinachotokea timu inapoufikia mstari wa buluu wa wapinzani. Hapo mwenye kisahani ana njia mbili: kuingia nacho akikiongoza kwa gongo lake, au kukirusha hadi ukutani nyuma ya goli na kukikimbilia. Njia ya kwanza ni ya hatari, kwa sababu akinyang'anywa pale, wenzake wote wanaelekea mbele na lango lao liko wazi. Njia ya pili ni salama, na ndiyo inayomchosha mtazamaji timu inapoichagua hata pale palipokuwa na nafasi ya kupita. Andika idadi ya kila moja kwa kipindi kimoja tu cha dakika 20, wakati timu zote mbili zina wachezaji kamili, na utaanza kuona tabia ya timu kwa uwazi ambao jedwali la matokeo haliwezi kukupa.

Lakini usiishie kwenye hesabu hiyo, kwa maana kurusha kisahani si kosa kwa kila timu. Florida Panthers ya kocha Paul Maurice, iliyotwaa Kombe la Stanley mwaka 2024 na 2025, zote mbili mbele ya Edmonton Oilers, hukirusha mara nyingi kisha hukifuata kwa hasira, wawili wakimbana beki ukutani na wa tatu akisubiri pasi itakayoponyoka. Sam Bennett, aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa mechi za mtoano za 2025, alijijengea jina kwa kazi ya namna hiyo. Mtindo huo unavutia, ingawa uzuri wake ni wa mapambano na si wa chenga. Tofauti iko katika kinachofuata baada ya kurusha: timu inayokirusha ili ikipiganie inashambulia, na timu inayokirusha ili wachezaji wake wapate muda wa kwenda kubadilishana benchi imeahirisha mchezo. Mbili hizo zinafanana kwa sekunde moja tu, kisha zinaachana.

Jizoeze pia kuwatazama wasio na kisahani. Shule ya hoki ya Kisovieti, iliyojengwa na Anatoli Tarasov, ilifundisha kwamba mchezaji asiye na kisahani ndiye anayeamua pasi iende wapi. Watazamaji wa NHL waliiona shule hiyo kwa ukaribu katika msimu wa 1995-96, pale kocha Scotty Bowman wa Detroit alipowapanga pamoja Warusi watano: Fetisov, Larionov, Konstantinov, Fedorov na Kozlov. Njia ilipozibwa, watano hao hawakukirusha kisahani. Waligeuka, wakarudi nacho nyuma, wakajipanga upya na kuja tena kwa kasi. Kwa mtazamaji wa mara ya kwanza kurudi nyuma kulionekana kama woga, kumbe ndiko kulikokuwa ujasiri wenyewe, kwa sababu walikataa kukikabidhi kisahani kwa adui. Ukiiona timu ya leo inarudi nyuma, subiri sekunde tano kabla ya kuihukumu. Ikitoka tena wakiwa watatu au wanne wanaobadilishana njia, unatazama jambo zuri.

Sasa kuhusu mabao. Edmonton Oilers ya Wayne Gretzky ilifunga mabao 446 katika mechi 80 za msimu wa 1983-84, rekodi ya NHL ambayo haijavunjwa, na kila aliyeitazama anakubali kwamba ilikuwa burudani ya kweli. Hapo idadi na mtindo vilikwenda pamoja. Haviendi pamoja kila wakati. Baada ya msimu wa 2004-05 kufutwa kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, ligi ilirejea na sheria mpya: pasi ndefu iliyovuka mstari wa katikati ikaruhusiwa, na waamuzi wakaagizwa kuadhibu kila ushikaji na uzuiaji. Wastani wa mabao ulipanda kutoka zaidi kidogo ya matano kwa mechi mwaka 2003-04 hadi zaidi ya sita mwaka 2005-06, lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na adhabu nyingi mno, ambazo ziliipa timu moja mtu wa ziada karibu kila baada ya dakika chache. Kwa hiyo unapohesabu mabao ya timu unayoipima, yatenge yale yaliyofungwa wakiwa watano kwa watano, yaani timu zote mbili zikiwa na wachezaji kamili. Hayo ndiyo yanayoueleza mtindo. Mengine yanaueleza zaidi ufundi wa kundi moja la wachezaji waliochaguliwa kucheza timu inapokuwa na mtu wa ziada.

Kuna mechi moja inayolithibitisha jambo hili kwa upande mwingine. Mkesha wa Mwaka Mpya wa 1975, Montreal Canadiens ilitoka sare ya 3-3 na CSKA Moscow. Montreal ilipiga mashuti 38 langoni, wageni 13 tu, na kipa wao Vladislav Tretiak akasimama imara. Mabao sita si mengi kwa hoki ya enzi hizo, na kwa mashuti mechi hiyo ilielemea upande mmoja, lakini mpaka leo inatajwa miongoni mwa mechi bora kuliko zote, kwa sababu timu zote mbili zilikuja kucheza na kila shuti lilitokana na kitu kilichojengwa.

Wakati wa kuitazama timu nao una maana kubwa. Timu inayoongoza kwa mabao mawili katika kipindi cha tatu hucheza kwa tahadhari, iwe ya mtindo gani, kwa hiyo hukumu yako itegemee zaidi dakika ambazo matokeo ni sare au tofauti ni bao moja katika vipindi viwili vya kwanza. Vilevile, katika NHL timu inayofungwa katika muda wa nyongeza hupata pointi moja, hali inayozifanya timu nyingi zitulie mechi ikiwa sare katika dakika za mwisho, kila moja ikiilinda pointi yake. Huo ni udhaifu wa sheria kuliko wa timu. Ligi ya kulipwa ya wanawake ya PWHL, iliyoanza Januari 2024, imeukabili udhaifu huo kwa kutoa pointi tatu kwa ushindi wa ndani ya dakika 60, na imeweka sheria nyingine ninayoipenda sana: timu iliyo pungufu ikifunga bao, adhabu yake inafutwa hapo hapo, hivyo hata anayejilinda ana sababu ya kushambulia. Muda wa nyongeza wa watatu kwa watatu, ulioanza NHL katika msimu wa 2015-16, uutazame kwa raha zako lakini usiuingize katika kipimo, kwa kuwa barafu ni pana mno kwa wachezaji sita na mtindo wa kawaida wa timu haupo tena.

Ngumi hazihitaji maelezo marefu. Philadelphia Flyers ilitwaa kombe mwaka 1974 na 1975 ikisifika kwa ubabe, na wapo walioipenda kwa sababu hiyo. Pambano la ngumi husimamisha mchezo, na kinachopimwa hapa ni mchezo wenyewe.

Ukiwa na nafasi ya kukaa uwanjani, chagua kiti cha juu nyuma ya goli badala ya kile cha karibu na barafu, maana kutoka huko mpangilio wa wachezaji wote unaonekana kwa pamoja, ilhali kamera ya televisheni hukifuata kisahani na kuwaacha nje ya picha wale wanaotengeneza nafasi. Kazi hii pia ifanye kwanza kwa timu usiyoishabikia. Shabiki wa timu inayoshinda huvumilia mambo ambayo kwa timu nyingine angeyaita ya kuchosha, na shabiki wa timu inayopoteza huukataa hata mchezo mzuri.

Kwa zoezi la kwanza napendekeza fainali ya 2022 kati ya Colorado Avalanche na Tampa Bay Lightning, hasa mechi ya kwanza, iliyoisha 4-3 katika muda wa nyongeza, na ya sita, iliyoisha 2-1, zote Colorado ikiibuka mshindi. Mfuate beki Cale Makar kwa kipindi kizima katika kila mechi: hesabu ni mara ngapi anapanda mwenyewe na kisahani kuvuka mstari wa buluu, na ni nani anayerudi kuziba nafasi yake anapopanda. Kisha linganisha hesabu za mechi ya mabao saba na zile za mechi ya mabao matatu.