Watoto wangu, wako na wetu: mambo ya kuweka sawa kabla ya bima na wosia

Watu wakioana mara ya pili na kila mmoja ana watoto wake huwa wanaongea mambo mengi, ada atalipa nani, nani atalala chumba kipi, likizo watoto wanaenda kwa nani, ila swali la "nikifa leo hela inaenda wapi" linarukwa manake linaonekana la mkosi. Sasa mkikaa kimya sheria ina majibu yake tayari, na mara nyingi majibu hayo yanaifikiria familia ya baba mmoja mama mmoja, sio yenu.

Kabla hata hujawaza kununua bima mpya ya maisha, katafute fomu ya wanufaika ya bima uliyonayo, ile uliyoandika nani alipwe ukifa. Wengi wanadhani wosia ndo unaamua kila kitu, wakati nchi nyingi hela ya bima ya maisha yenye mnufaika aliyetajwa inamfuata huyo mtu moja kwa moja, haipiti kwenye mirathi kabisa, kwahiyo wosia unaweza kusema kila kitu apewe mwenza wangu wa sasa alafu fomu uliyojaza zamani ina jina la mtalaka wako, na kampuni ikafuata fomu. Marekani kuna kesi ya Egelhoff, ilifika mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2001. Jamaa alipewa talaka, miezi kama miwili baadae akafa kwa ajali ya gari hajabadilisha jina kwenye bima na pensheni ya kazini, watoto wake wa ndoa ya kabla ya hiyo wakadai na sheria ya jimbo lao ilikuwa inawabeba kabisa, ikisema talaka inafuta jina la mwenza. Wakashindwa, kwasababu mafao ya kazini huko yanaongozwa na sheria ya taifa na hiyo inasema fuata fomu. Kwahiyo usijipe moyo kwamba talaka imeshasafisha. Na hapo cheki zote, bima ya kikundi ya kazini, pensheni, akaunti uliyoandikisha mrithi, hata ile bima iliyokuja na mkopo, manake kila moja ina fomu yake na hazijuani.

Alafu jua mtoto wa kambo ni nani mbele ya sheria inayowahusu. Unaweza kuwa umemlea toka anatambaa, anakuita baba, na bado asiwe mrithi. Uingereza na Wales kwa mfano, ukifa bila wosia mtoto wa kambo hayumo kwenye mgao wa kawaida labda kama ulimuasili kisheria, na hukohuko kufunga ndoa mpya kwa kawaida kunafuta wosia uliouandika kabla, kitu ambacho wengi hawana habari nacho. Ufaransa mambo ni tofauti, watoto wa damu wana fungu lao ambalo wosia haugusi, ukiwa na mmoja ni nusu ya mali, wawili theluthi mbili, watatu na kuendelea robo tatu, kwahiyo ahadi ya kumpa mwenza vyote haitimii. Kwa wanaofuata sheria ya Kiislamu mtoto wa kambo hayumo kwenye mafungu ya urithi lakini unaweza kumuusia, mradi usivuke theluthi moja. Ndo maana ukimtaka apate kitu, mtaje. Kuandika "watoto wangu wote" ni kuwaandalia ugomvi, andika majina kamili, tarehe za kuzaliwa, asilimia ya kila mmoja, na mnufaika wa akiba endapo wa kwanza atatangulia kufa.

Kwa watoto wadogo kuna mtego wake. Kampuni za bima kwa kawaida hazimkabidhi mtoto hela, zinataka mtu mzima wa kuishika au uamuzi wa mahakama, na huyo mtu mzima mara nyingi anakuwa mzazi aliyebaki, yaani yuleyule mlieachana mkigombania hela. Labda ni mtu mwema, sawa, ila kama hutaki ashike weka trasti, yaani mpango wa kisheria ambapo mtu uliyemchagua anashika hela kwa niaba ya mtoto, na anayeishika hela asiwe yuleyule anayeishi na mtoto, akaunti zikaguliwe, na andika mtoto atapewa kwa umri gani, manake kijana wa miaka 18 na hela yote mkononi kwa siku moja, tunajua inavyoisha.

Ila ishu inayoumiza familia hizi kuliko zote ni ile ya "namwachia mwenzangu kila kitu, yeye atawagawia wanangu". Anaweza akawa na nia safi kabisa siku unazikwa. Baada ya miaka mitano ameoa au ameolewa, wanae wanamhitaji, mawasiliano na wanao yamepoa, wosia wake ni wake anaubadilisha anavyotaka, na wanao hawana cha kushika mahakamani. Nyumba ndo inagombanisha zaidi kwasababu huwezi kuikata vipande, mjane yupo ndani, watoto wa kwanza wanataka chao. Hapa ndo bima ina faida yake halisi kwa maoni yangu, hela inagawanyika: nyumba abaki nayo mwenza, bima iende kwa watoto wa kwanza, kila mtu anapata chake bila kumsubiri mwingine afe. Njia nyingine ni wosia unaompa mwenza haki ya kuishi humo maisha yake yote na umiliki ubaki kwa watoto, lakini andika kabisa nani atalipa ukarabati na kodi, na itakuwaje akioa au kuolewa tena.

Kiasi cha bima usikikadirie kwa macho. Jumlisha madeni, matunzo ya kila mtoto mpaka ajitegemee, na bima idumu mpaka yule mdogo kabisa wa ndoa hii mpya afike umri huo. Soma pia hukumu ya talaka, wakati mwingine inakulazimisha kubaki na bima kwa ajili ya watoto wa kwanza. Na kama wewe ndo unapokea matunzo kutoka kwa mzazi mwenzio, uliza kama unaweza kumkatia bima yeye, kwa ridhaa yake, manake akifa na matunzo yanakatika. Kwenye fomu ya afya sema ukweli wote, sigara, presha, kila kitu, madai mengi yanakataliwa hapo.

Mwisho waambie wahusika wangali wanakusikia, hata watoto wakubwa, hata kama kikao kitakuwa kigumu. Msimamizi wa mirathi awe mtu ambae pande zote mbili zinamheshimu, ajue nakala zipo wapi, na kila akizaliwa mtoto, mtu akifariki, ukibadili kazi au mkiachana, fomu zote zitolewe zisomwe upya.